Jicho la Shangazi Kwenye Fulana

Shangazi yangu alikuwa na jicho la kushoto lililolegea. Kope ilishuka mpaka nusu ya mboni na kubaki hapo, kama pazia ambalo kamba yake imekatika. Alizaliwa hivyo. Ninaanza na jicho hilo kwa sababu ukoo wetu wote ungependa nianze na kitu kingine, na kwa sababu hasira yangu haijaisha.

Alifariki mwanzoni mwa kiangazi, wakati nilipokuwa bado sijaamua kama nitaanza biashara ya kuchapa fulana. Nikisema "sijaamua" ninajipendelea. Nilikuwa nimekaa na wazo hilo zaidi ya mwaka mzima. Nilimaliza chuo na diploma ya informatiki, nikapeleka dosie yangu ya kuomba kazi katika kila ofisi kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, mji mzima, na kila ofisi iliniambia niache namba, watanipigia. Hakuna aliyepiga. Basi nikawaza fulana. Mtu anatuma picha kwa WhatsApp, ninaipanga kwenye simu, ninaichapa, kisha fulana inapanda pikipiki au lori na kumfikia huko Sange, Lemera, hata Mulenge. Sihitaji duka wala mkuu wa ofisi wa kunihifadhia namba.

Lakini mimi ni mtu wa kufikiria kitu mpaka kinaozea mkononi. Nilikuwa na daftari. Ndani yake kulikuwa na majina arobaini ya ukurasa wa biashara, yote nimeyafuta. Kulikuwa pia na maswali. Umeme ukikatika katikati ya kazi? Mvua ikikata barabara ya milimani? Mteja akikataa fulana ambayo tayari ina jina lake? Wenzangu wa chuo wakiniona? Hilo la mwisho nililiandika mara tatu kwa maneno tofauti, ili lionekane ni maswali matatu.

Shangazi alilijua daftari hilo. Yeye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki na mama kurudi kwao. Alianika ndagala kwenye mchanga wa Kalundu, na vile visamaki ndivyo vilivyonipeleka shule mpaka mwisho. Jioni alikuwa akiniangalia nikiandika, huku anajikuna magamba yaliyokauka mikononi.

"Weye, hiyo biashara unaifanya ao unaiombea?"

"Ninapanga, shangazi."

"Panga. Minye nikianza kupanga, kunguru wanakula ndagala yote."

Aliugua siku nne tu. Siku ya tano tulikuwa tumeshapanga viti nje.

Kwetu siku hizi, siku ya kumaliza kilio, ukoo mzima unavaa sare. Zamani ilikuwa kitenge cha aina moja. Sasa ni fulana nyeupe yenye picha ya marehemu kifuani, jina lake na maneno ya kumuaga. Watu wanaurudisha nyumbani uso huo, wanaufua, wanaulalia, wanaenda nao shambani miaka mitatu minne mpaka unapasuka. Na wanaupima ukoo kwa fulana hizo. Watasema fulana za watu fulani zilikuwa safi, kabla hata ya kusema kama chakula kilitosha.

Aliyesimamia mambo yote alikuwa baba mdogo, mdogo wake shangazi. Yeye ni mkuu wa shule, mtu wa koti kila siku ya Mungu, hata jua la saa sita. Alininyooshea kidole mbele ya wazee wote, mimi msomi wa kompyuta.

"Tuko na muntu wa ordinatere hapa. Yeye atatufanyia tisheti."

Nilisema ndiyo. Kulikuwa na sababu. Fundi mmoja wa Mulongwe, anayechapia kwaya na timu za mpira, alikuwa anahama, na alikuwa anauza mashine yake ya kukandamiza picha kwenye nguo kwa joto. Tulikuwa tumekwisha kuongea mara nyingi, na kila mara nilimwambia nitafikiria. Safari hii akaniambia: "Chapa tisheti za kwenu kwanza, ujue mashine. Kilio kikiisha, unaniambia unachukua ao nampa mwingine." Mwingine alikuwepo kweli. Nilimkuta siku moja akiipima ile mashine kwa kamba, aone kama itapita mlangoni kwake.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki moja ya kuamua maisha yangu, na nilihitaji picha moja ya shangazi. Nikagundua kwamba haipo.

Nilitafuta katika kila albamu ya ukoo. Katika picha za harusi ya baba mdogo kuna watu wote, hata majirani, hata dereva. Shangazi ni kipande cha kilemba nyuma ya bega la mtu. Nilikuwa msichana mdogo lakini siku hiyo ninaikumbuka. Mpiga picha alipoanza kuwapanga, baba mdogo alimsogelea dada yake na kumwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Dada, weye utuchungie masakoshi." Akachunga masakoshi. Dada mkubwa wa bwana harusi, aliyemlipia sehemu ya mahari, alikaa kwenye kiti cha plastiki na mikoba kumi ya wanawake mapajani.

Baadaye hakuhitaji kuambiwa. Mtu akiinua simu, shangazi aliinama kuokota kitu. Katika simu yangu kulikuwa na mamia ya picha: ziwa, chakula, miguu yangu mwenyewe. Za shangazi zilikuwa mgongo, mkono, na beseni lililoinuliwa mbele ya uso.

Ilibaki picha ya kadi ya uchaguzi, ile tunayoitumia kama kitambulisho kwa sababu hatuna kingine. Na hapo ninapaswa kusema nilichofanya. Kadi zile zinafifia. Kila mtu anajua. Unamwonyesha askari wa barabarani kadi yako naye anaona karatasi nyeupe, anakuuliza wewe ni nani. Ya shangazi ilipoanza kupauka, mimi, msomi wa nyumba, nilisema nitaiokoa. Nikaipeleka kwa mwenye kibanda cha kopi aiwekee plastiki. Akaipitisha kwenye mashine ya moto. Ikatoka upande wa pili nyeusi tii, kuanzia pembe hadi pembe.

"Eh," akasema mwenye kibanda. "Hii haikutaka moto."

Kadi iliyochapwa kwa joto huungua kwa joto. Nilisomea mambo hayo. Nilifanya mtihani wa mambo hayo. Mtaani kwetu kuna watu wengine kadhaa wanaotembea na kadi nyeusi mfukoni kwa kosa hilohilo, lakini wao hawana diploma ukutani. Shangazi aliigeuza geuza ile kadi, akasema: "Sasa hapa niko mweusi kuliko vile niko." Alicheka. Mimi sikucheka. Niliandika katika daftari swali jingine: ukiharibu kitu cha mteja?

Kilichookoka kilikuwa picha ya picha. Kabla ya balaa hilo nilikuwa nimeipiga kadi kwa simu, nimtumie mtu aliyekuwa anamwandikishia shangazi laini. Niliikuta katika mazungumzo ya zamani. Ilikuwa imepauka, imeinama upande, na kidole changu gumba kilikuwa kimefunika pembe moja. Lakini alikuwepo. Alikuwa ameangalia mbele, mdomo umefungwa, jicho la kushoto limelala mahali pake.

Nikaiingiza katika programu ya simu ya kutengeneza picha. Kulikuwa na kitufe cha kuboresha uso. Nikakibonyeza.

Alitokea mwanamke ambaye hajawahi kuchuchumaa juani. Ngozi yake ilikuwa laini na nyeupe kama sahani. Macho yote mawili yalikuwa wazi, makubwa, yanang'aa, yana kope ndefu. Nilijua papo hapo kwamba huyo si yeye. Ningeweza kuifuta hapo hapo. Lakini mimi siwezi hata kuchagua sabuni bila kuomba ushauri, basi nikaituma katika kundi la WhatsApp la ukoo na kuuliza: mnaonaje?

Majibu yalianza kabla sijaweka simu chini.

"Waooo! Shangazi mrembo!"

"Ni malaika kabisa."

Binamu yangu wa ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, aliandika: "Kumbe damu yetu ni nzuri hivi?"

Na baba mdogo, ambaye huwa haandiki chochote humo isipokuwa ratiba ya ibada, aliandika: "Huyu sasa ndiye dada yangu."

Nilisoma neno "sasa" mara nyingi. Lilinichoma kuliko matusi. Miaka yote alipokuwa na jicho moja alichunga masakoshi, na sasa, baada ya kuzikwa, amepewa la pili na kuwa dada.

Mabaya zaidi yalifuata. Mtu wa ukoo aliiweka picha hiyo kwenye status yake. Watu nisiowajua wakaanza kuniandikia. Ni nani ametengeneza? Nataka ya mama yangu, umuondolee makovu. Baba yangu umuvalishe koti, hakuwahi kuvaa. Marehemu mume wangu, umupe ile rangi. Mmoja aliandika kutoka Kiliba, mwingine kutoka Bijombo, huko juu ambako rezo ya simu yenyewe inapatikana kwa kupanda kilima. Mwaka mzima nilikuwa nimesubiri mtu atake kitu ninachoweza kufanya. Walikuja wote kwa siku moja, na walikuwa wanataka uongo.

Niliifunika simu kwa mto. Sikujua kama ni kwa furaha au kwa kichefuchefu, na nilijichukia kwa kutojua.

Nilienda kwa baba mdogo kumwambia nitatumia picha ya kadi. Alikuwa kwenye baraza lake na koti lake.

"Ile ya kadi? Ile ni foto ya mufungwa."

"Ni foto yake, baba."

"Unataka watu wamucheke hata kama amekufa?"

"Nani alikuwa anamucheka?"

Aliondoa uzi usiokuwepo kwenye mkono wa koti. Kisha akasema jambo lililonimaliza.

"Yeye mwenyewe alikuwa anakimbia foto. Umemuona mara ngapi anakubali kupigwa? Minye namufichia kile alikuwa anaficha. Weye unataka kumutoa mbele ya watu, ukisema ni mapendo. Weye iko na diploma, lakini heshima hawakukufundisha."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa. Niligeuza maneno hayo siku mbili. Labda ni kweli. Labda shangazi angeupenda uso ule wa sahani. Labda mimi ndiye niliyetaka jicho, kwa ajili ya hasira yangu, ili baba mdogo aone aibu. Nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari, sababu za huku na sababu za kule, na pande zote mbili zilijaa. Fundi wa Mulongwe aliniandikia kuuliza kama nimeamua. Nikamjibu kwamba nafikiria. Akajibu kwa alama moja ya ndoo ya takataka. Sijui kama aliibonyeza kwa makosa.

Siku iliyofuata nilishuka Kalundu, pale shangazi alipokuwa anaanika. Mwenzake wa miaka yote alikuwepo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Alikuwa anawafukuza kunguru kwa kanga aliyoifunga kwenye fimbo. Nilimwonyesha kwanza picha iliyoboreshwa. Aliishika simu mbali na uso wake, akakunja macho.

"Huyu anauza nini? Sabuni?"

Nikamwonyesha ya kadi. Akapiga kelele hata wanawake wengine wakageuka.

"Eeeh! Ni ile siku! Ile siku ya 'piga hivi hivi'! Weye ulikuwa pale, umesahau?"

Nilikuwepo. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeiweka mahali ambapo aibu inakaa, kwa sababu siku hiyo nilimwonea haya.

Tulisimama kwenye mstari wa kuandikisha kadi tangu alfajiri, shangazi, huyu mwenzake na mimi nyuma yao na kitabu changu cha chuo. Zamu yake ilipofika, mtu wa mashine alimwambia aangalie mbele. Akaangalia. Mtu yule akasema: "Mama, fungua macho."

"Yako wazi."

"Mama, fungua yote mawili, mashine inakataa!"

Watu walianza kucheka. Mstari mzima, watu waliokuwa wamechoka, walipata kitu cha kuwachekesha. Mtu mmoja nyuma alisema: "Huyo anachagua nusu!" Mimi niliangalia kitabu changu. Nilijifanya ninasoma. Nilingoja ainame kuokota kitu, kama kawaida yake.

Hakuinama. Alinyoosha shingo, akaweka mikono yake yenye harufu ya samaki juu ya magoti, akamwambia yule mtu kwa sauti ambayo hata wa mwisho alisikia: "Piga hivi hivi. Hata lenye kulala linachagua." Wakacheka tena, lakini sasa walicheka upande wake. Mtu wa mashine akapiga.

"Alisema jina ni lake na kadi ni yake," mwenzake akaniambia, akimtupia kunguru ganda. "Kwenye harusi ya mutu utajificha, ile ni ya mutu."

Ningependa kusema kwamba hapo nilipata uhakika. Sikuupata. Njiani nikipanda kurudi niliwaza: labda alisema vile kwa hasira tu, siku ile moja, baada ya kusimama muda mrefu juani. Kisha nikawaza: basi na mimi nina hasira, na nimesimama muda mrefu juani. Sikulifungua daftari.

Kwa fundi nilifanya kazi mchana mzima, umeme ukija na kuondoka. Kwenye picha ile ya kadi niliondoa kitu kimoja tu, kidole changu. Fundi alikuja kuangalia nyuma ya bega langu.

"Dada, hii haijakaa vizuri. Jicho moja limefunga."

"Ndiyo vile liko."

"Wateja hawatapenda. Ile ingine ilikuwa safi, niliiona kwenye status."

"Ile ingine siyo muntu."

Aliinua mabega. Nilitandaza fulana ya kwanza, nikaweka karatasi juu yake, nikashusha mkono wa mashine. Moto ulipiga vidole vyangu na nikakumbuka ile kadi ikitoka nyeusi. Nilifumba macho kama mjinga. Nilipobandua karatasi, alikuwepo. Amepauka kidogo, mkaidi, ananiangalia kwa jicho moja na nusu.

Nilipeleka mzigo asubuhi ya siku yenyewe. Nilichelewa kwa makusudi, na hilo nalikiri. Baba mdogo alikata kamba, akainua fulana ya juu, akaishika kwa mikono miwili. Wageni walikuwa wameanza kuingia.

"Umetuaibisha," akasema polepole. "Mbele ya kanisa yote."

"Nani ameaibika, baba? Yeye anaangalia tu."

"Usinijibu. Sikukuzaa, lakini usinijibu."

"Yeye pia hakunizaa."

Mke wake alimvuta kwa mkono. Hakukuwa na fulana nyingine. Watu walianza kuzichukua, wengine bila kuangalia, wengine wakiangalia na kunong'ona. Nilisikia kicheko kimoja nyuma ya turubai, na ningeweza kumrarua mtu huyo. Binti mmoja wa ukoo alisema, "Yaani ni yeye," kisha akaingia ndani na hakutoka kwa muda. Wanawake wa ndagala walifika pamoja, wakazivaa juu ya vitenge vyao, yule mnene ikambana mpaka uso wa shangazi ukatanuka pande zote. Wakapiga vigelegele.

Baba mdogo alivaa yake. Ilibidi, ni sare. Kisha akavaa koti juu yake na kufunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alisimama hivyo ibada nzima, mahubiri, matangazo, sadaka, shukrani za ukoo alizozisoma mwenyewe. Jasho lilishuka kutoka masikioni na kudondoka kwenye karatasi. Hakuna aliyemwambia avue. Nilikaa mahali ambapo angeniona kila akiinua macho.

Siku iliyofuata niliwajibu wote walionitumia oda. Niliandika sentensi moja na kuituma kwa kila mmoja: ninachapa uso kama ulivyo, siongezi rangi wala jicho wala koti. Wengi hawakujibu. Mmoja aliniambia nitakufa njaa. Yule wa Kiliba aliniita mchawi. Niliyasoma majibu yote mara nyingi, maana hivyo ndivyo nilivyo.

Kisha mtu wa Lemera akatuma picha ya baba yake, mzee mwenye kofia mkononi. Aliandika: "Sikio la kuume halipo, ni mambo ya vita. Uliache vile."

Nilienda Mulongwe nikamwambia fundi nachukua. Nilitumia akiba aliyoniachia shangazi kwenye kopo la maziwa. Mashine iko juu ya meza ya zamani ya shangazi, na chumba bado kinanuka ndagala, kiasi kwamba nazianika fulana nje kabla ya kuzifunga. Ukurasa nimeufungua bila jina la maana. Ninalisahihisha kila baada ya siku mbili. Baba mdogo hajanisalimia tangu siku ile, na mimi sijaenda kwake.

Fulana ya mzee wa Lemera niliichapa kabla ya nyingine yoyote. Nilipobandua karatasi niliangalia upande wa kuume mara tatu, nikiogopa kwamba simu imemwotesha sikio bila kuniambia. Halikuwepo. Nikaikunja, nikaifunga, nikampigia mtu wa pikipiki.